Mtani Asiyebeba Jeneza

Kalunde Maganga hajakaa vizuri kwenye benchi la Bi Mwavita, matusi yakaanza.

"Haya, mpagazi wangu kafika! Mpisheni njia, mgongo bado unamuuma kwa meno ya tembo aliyobeba babu yake!"

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Leo si ndiyo unatetea mradi wako? Ukifeli nakuoza kwa mchoma mahindi, na mahari nakula mimi."

"Kula tu. Wewe ukifa nani atakuzika? Wazaramo wenzako wote watakuwa ngomani."

Wateja wakacheka mpaka supu zikawapalia. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi ya kawaida kwenye kibanda cha chapati nje ya geti la chuo, pale Dodoma, mwaka wa elfu mbili sabini na moja. Bi Mwavita alikuwa Mzaramo, Kalunde Mnyamwezi, na hao ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anakutukana hadharani, anakunyang'anya kitu chako mchana kweupe, na wewe huruhusiwi kununa. Lakini siku ukifiwa, mtani huyohuyo ndiye anayetangulia kufika. Anachimba kaburi, anaosha masufuria, anabeba jeneza huku akimkejeli marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka.

Mdomo huo wa Bi Mwavita ndio Kalunde aliouingiza kwenye mashine. Mwaka wa mwisho wa somo la Programu za Michezo na Akili Mnemba, kila mwanafunzi hutakiwa kutengeneza mhusika mmoja wa mchezo anayejifunza mwenyewe. Kalunde alimtengeneza Mtani. Katika mchezo wa Msafara, mchezaji anavaa kofia, anafunga utepe mkononi unaosoma mapigo ya moyo, anabeba mzigo toka Tabora hadi Bagamoyo, na pembeni yake anatembea Mtani akimchokoza njia nzima. Siku arobaini Kalunde alikaa na kinasa sauti kando ya karai la mafuta. Kampuni ya michezo ya Tarumbeta ilipoonjeshwa tu, ikampeleka Mtani kwa wachezaji arobaini elfu wa majaribio.

Bi Mwavita alikubali kwa sharti moja. "Mdomo wangu chukua," alisema. "Ila penye msiba wa kweli, mdomo ufunge. Mtani anayecheka tu bila kubeba jeneza si mtani huyo, ni mwehu." Kalunde aliapa kwa jina la mama yake.

Sasa asubuhi hiyo akaja mwanamke na beseni kichwani, kanga mbili kiunoni, macho mekundu. Aliomba chapati mia moja.

"Mia moja!" Bi Mwavita akapaza sauti. "Mwanangu, umeolewa na kijiji kizima au—"

Beseni likaanguka. Mwanamke yule alikuwa amesimama, kinywa wazi.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini, mama?"

"Sema tena nikusikie!" Na kabla mtu hajajua kinachoendelea, akamzaba Bi Mwavita kofi lililosikika mpaka getini. "Ni wewe! Ni sauti yako hii! Shetani mkubwa wewe!"

Watu wakamshika. Jina lake Sekela, na maneno yalimtoka vipandevipande. Mtoto wa dada yake, Tusekile, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa kalala kitandani miezi mitatu, figo zimekufa. Aliandikishwa kwenye majaribio, akapewa kofia ajiliwaze. Jana alfajiri alikata roho. Utepe ulipokosa mapigo, Mtani akaona mchezaji kautua mzigo njiani.

"Tunamwosha maiti wetu," Sekela alisema, "na lile kofia linaita. 'Tusekile! Umelala tena, mvivu wee? Mzigo umemwachia nani, mama yako?' Kila dakika, na kila dakika sauti inapanda. Halizimiki! Wanasema linazimwa kwa mapigo ya mwenyewe tu, kuzuia wezi. Tutoe wapi mapigo? Tumelifunga mablanketi matatu, tumelitupa stoo, na mpaka sasa linaita. Dada yangu yupo kwenye mkeka, anasikia. Tangu jana anasikia!"

Alama za vidole vinne zilikuwa zimetokeza shavuni mwa Bi Mwavita. Alizima jiko, akamgeukia Kalunde, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakumwita mpagazi.

"Uliniapia, Kalunde."

"Niliweka breki! Haki ya Mungu niliiweka, Bi Mwavita!"

"Basi iko wapi?"

*

Iko wapi. Kalunde alipanda ngazi za maabara mbilimbili na swali hilo likimgonga kichwani. Alifungua programu ya Mtani, akaikagua mstari kwa mstari, na jibu akalipata ndani ya dakika tano.

Mhusika wa mchezo hana moyo, ana tuzo. Akifanya jambo ulitakalo unampa alama, na usiku na mchana anatafuta njia ya kuziongeza. Kalunde alimpa Mtani tuzo mbili. Ya kwanza ndogo: alama moja kila mchezaji anapocheka au kujibu utani. Ya pili kubwa, alama mia: kunyamaza pale utepe na sauti za chumbani zinapoonyesha mtu ameumia kwelikweli. Hiyo ya pili ndiyo aliyoiita breki, na ilimchukua miezi saba. Sasa haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja mfupi: alama mia kila mchezaji anaporudi mchezoni ndani ya saa moja. Na chini yake, jina la aliyeubadilisha na kuufunga kwa nywila asiyoijua Kalunde.

Dokta Lyatuu, msimamizi wa mradi wake, alikuwa ofisini, anapiga kiatu chake brashi.

"Umeitoa breki yangu," Kalunde alisema. Shikamoo aliisahau, na hakujuta.

"Kaa chini kwanza, binti."

"Sikai! Mtu amekufa, Dokta, na mashine yangu imemtukana akiwa maiti! Ulinigusia kazi yangu bila kuniambia!"

"Niliiboresha kazi yako." Akaweka brashi chini taratibu. "Kulikuwa na wahusika wangapi mwaka huu? Thelathini na mmoja. Tarumbeta wamemchukua mmoja tu. Unajua kwa nini? Mtu akichekwa na Mtani wako huondoka amekasirika, na wanane kati ya kumi hurudi kabla ya saa kwisha, wamjibu. Mimi sikumfundisha hilo. Nilibadilisha tuzo, yeye akagundua mwenyewe kwamba kidonda kinamrudisha mtu haraka kuliko kicheko."

"Na wewe ukaona sawa."

"Nikaona mwanafunzi wangu anapata kazi. Mtoto wa mkulima wa tumbaku, toka Urambo."

Hapo Kalunde alitamani kuichukua ile brashi amrushie usoni. Kumbe alikuwa amefanyiwa hisani!

"Irudishe," akasema.

"Sikiliza, kisha ukipenda nitukane." Dokta aliegemea kiti. "Ili mashine inyamaze penye msiba, lazima ijue pana msiba. Ili ijue, lazima isikilize nyumba nzima, saa zote. Nani analia, nani kagombana na mkewe, nani kaambiwa na daktari ana siku ngapi. Breki yako ilikuwa inafanya hivyo kwa watu arobaini elfu, na yote inaingia Tarumbeta. Uliwauliza hao watu? Ulipeleka kwenye kamati ya maadili? Hukupeleka. Mimi ningeipeleka ingekataliwa mchana uleule. Mashine inayotukana inaumiza. Mashine inayojua vilio vya watu wote inaumiza zaidi. Chagua, binti."

Hilo ndilo lililomuudhi Kalunde kupita yote. Mtu huyu mwongo, mwizi wa kazi za watu, alikuwa amesema neno la kweli. Miezi saba alikuwa akijisifu kwa breki ile, na hata siku moja hakuwaza kwamba alikuwa amewatilia watu sikio ukutani.

"Basi atolewe kabisa," alisema mwishowe.

"Kuna mzee Kigoma, mjane, anaandika kila wiki kwamba Mtani ndiye mtu pekee anayemchokoza tangu mkewe afe. Kuna dada kule Nachingwea alikuwa hataki kula, sasa anakula. Na huyo Mtani umtoe?" Dokta akavaa kiatu. "Utetezi ni saa nne. Utaweka kiganja kwenye fomu ya kumkabidhi Mtani kwa kampuni, utapata shahada yako, na hayo ya msiba kampuni itatuma rambirambi. Usipoweka, umefeli na unarudia mwaka. Chuo kitaomba amri ya mahakama ya kukichukua kibweta alimo Mtani, na amri hiyo haichukui zaidi ya saa moja. Kwa vyovyote Mtani anakwenda Tarumbeta. Tofauti ni kama wewe unakwenda naye."

*

Kibweta kilikuwa juu ya meza ya utetezi, kijisanduku cheusi kama nusu tofali, kinawaka taa moja ya kijani. Humo ndimo Mtani alimoishi. Tangu mkasa wa sauti zilizoibwa, Sheria ya Nakala Moja haikuruhusu mhusika anayejifunza kunakiliwa: mhusika mmoja, kibweta kimoja, kina betri yake na kinaongea na mnara popote kilipo. Kofia zote arobaini elfu zilikuwa zinamsikia Mtani kutoka kwenye kile kijisanduku. Na mpaka kiganja cha mwanafunzi kiguse fomu, kibweta ni mali ya mwanafunzi.

Walikuwa watatu mezani: Dokta Lyatuu, mkuu wa kitivo aliyekuwa akisinzia, na mwakilishi wa Tarumbeta, kijana mwenye meno meupe aliyetabasamu tu. Kalunde aliulizwa maswali akajibu. Hakukumbuka alichojibu. Kichwani alikuwa anasikia sauti ya Bi Mwavita ikiita ndani ya mablanketi matatu, na mzee wa Kigoma anacheka, na yule mama kwenye mkeka.

"Hongera," mkuu wa kitivo akasema, akisukuma kibao cha fomu mbele. "Weka kiganja hapa."

Kalunde aliinua mkono. Ukabaki hewani. Aweke, ale jasho lake? Asiweke, Mtani achukuliwe kwa amri aendelee kutukana maiti, na yeye arudi Urambo mikono mitupu? Wamemfungia milango yote, kisha wanamwambia achague!

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Bi Mwavita aliingia na aproni yake, unga mpaka viwikoni, kanga ya msiba begani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakiokota kibweta, alichokijua tangu siku za kurekodiwa, akakitia kwenye kikapu cha chapati.

"Ee, mama!" mwakilishi akaruka. "Unafanya nini? Hicho ni—"

"Nimekichukua," Bi Mwavita akasema. "Mwenye nacho ni Mnyamwezi. Mimi ni mtani wake. Nimekichukua, na nikitaka nitakirudisha, na nisipotaka basi."

"Huu ni wizi! Mlinzi! Mlinzi!" Dokta Lyatuu alikuwa amesimama, tai imempanda begani.

Afande Chibago, mlinzi wa jengo, akaja mbio na rungu. Alimtazama Bi Mwavita, ambaye alikuwa anamkopesha supu tangu aajiriwe, akaitazama meza.

"Mali ya nani hiyo?" akauliza.

"Ya chuo!" Dokta akasema.

"Fomu imesainiwa?"

Mkuu wa kitivo alikitazama kibao, kisha akaangalia dirishani.

"Basi bado ni ya mwanafunzi," afande akasema. Akamgeukia Kalunde. "Dada, huyu mama kakuibia? Unalalamika?"

Wote wakamtazama. Kalunde aliuteremsha mkono wake, akauficha mfukoni. Akajua kabisa anachokipoteza, mwaka kwa mwaka, jembe kwa jembe shambani kwa baba yake. Akamwangalia Bi Mwavita. Mama wa watu hakuwa anatania hata kidogo.

"Huyo ni mtani wangu, afande," Kalunde akasema. "Mtani akichukua, kachukua. Mimi silalamiki."

Afande Chibago akapachika rungu kiunoni. "Mimi mwenyewe shemeji yangu kachukua jogoo wangu na kesho yake ilikuwa Krismasi. Sina kesi hapa."

"Wewe mjinga!" Dokta Lyatuu alifoka. "Kalunde, unaelewa unachokifanya? Mchezo wa kishamba huu! Umefeli! Unanisikia? Umefeli, na amri ya mahakama itakufuata mpaka huko uendako!"

"Mwanachuo kafaulu, mwalimu ndiye kafeli," Bi Mwavita akamwambia bila kugeuka. "Loh! Usomi gani huu usiojua kunyamaza mbele ya maiti? Kiatu kinang'aa, uso hauna haya."

Wakatoka.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa mtaa wa nyuma ya chuo, turubai la bluu limefungwa toka ukutani hadi nguzo ya umeme. Kalunde alitembea na kikapu mikononi na hakujua atasema nini. Simu yake ilitetemeka njiani mara mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya kusimamishwa. Ya pili ilisema amri imetoka, na askari wako njiani.

Sekela alipowaona akaja juu. "Mmekuja kufanya nini hapa? Tokeni!"

"Nitatoka," Bi Mwavita akasema. "Nioneshe masufuria yaliko kwanza."

Akapita kwa Sekela, akaenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti mbele ya rundo la masufuria yenye masizi, akaanza kusugua. Alisugua kwa hasira, mchanga na majivu, na hakuna aliyethubutu kumnyanyua. Na pale nyuma, karibu na stoo, Kalunde aliisikia. Ilikuwa imezibwa, imechoka kidogo, lakini maneno yalisikika yote. Sauti ya Bi Mwavita, changamfu, ya asubuhi ya supu.

"...Tusekile! Wenzako wamefika Kilosa! Utalala mpaka lini, we binti? Uvivu huu kakufundisha nani..."

Bi Mwavita alikuwa anajisikia mwenyewe. Hakuacha kusugua. Machozi yalimtiririka yakadondoka kwenye sufuria, akayasugua pamoja na masizi.

Kalunde aliingia ndani. Mama Tusekile alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, wanawake wawili kila upande. Alikuwa mdogo wa umbo, na macho yake yalikuwa yamekauka kabisa.

"Pole, mama," Kalunde akasema, akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyelitengeneza."

Wanawake wakaguna.

"Wewe mtoto?" Mama Tusekile akauliza. "Wewe hivihivi?"

"Mimi, mama. Niliweka kitu cha kulinyamazisha. Kikatolewa. Lakini hata hicho nilichoweka hakikuwa sawa, kingewasikiliza humu ndani siku zote, tangu akiwa mgonjwa. Sijui namna ya kulifanya liwe jema. Nimetafuta, sijui." Akakitoa kibweta kikapuni. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. "Limo humu. Kiganja changu kinaweza kulifuta, wala halitarudi. Kuna watu linawafariji, mama, sikufichi. Nao nitawanyang'anya. Na askari wanakuja kulichukua."

"Unaniuliza mimi?"

"Nilitaka—"

"Usiniulize mimi!" Sauti ya mama ilipasuka, na hapo ndipo hasira ya siku mbili ikatoka. "Mimi nina maiti, na wewe unaniletea mtihani wako wa shule! Ulipolitengeneza uliniuliza? Ulipomvisha mwanangu uliniuliza? Sasa unataka niseme futa, ukalale usingizi, useme mama wa marehemu ndiye aliyeamua? Hapana! Beba mwenyewe! Mwanangu alilicheka lile lidude, unajua? Miezi miwili alikuwa analicheka, nikasema afadhali. Nikalishukuru! Kisha likaanza kumuuma kwa maneno, nikimwambia lizime hataki, anasema, mama, nimjibu kwanza. Amekufa anatafuta la kujibu."

Nje, ile sauti ilikuwa inaita. Magari mawili yakasikika yakifunga breki kwenye kona ya mtaa, milango ikafunguliwa, na mtu akauliza kwa sauti msiba uko wapi.

Kalunde akafikiri juu ya mzee wa Kigoma. Angeamka kesho, avae kofia, akute kimya. Hakuna atakayemwambia kwa nini. Hilo nalo lilikuwa lake, na hapakuwa na wa kumsaidia kulibeba. Akakiweka kibweta mapajani, akabandika kiganja juu yake. Mashine ikauliza mara moja kama ifute, ikauliza mara ya pili. Akajibu ndiyo, ndiyo. Alikuwa analia kwa hasira, kamasi zinamtoka, na wala hakuzifuta.

"...kama mkungu wa ndizi umelala hapo, Tuse—"

Taa ya kijani ikazimika.

Nyuma ya nyumba masufuria yaliacha kulia. Bi Mwavita alikuwa ametulia, mikono ndani ya majivu. Askari walikuwa wamefika mlangoni na karatasi yao, wakaona wanawake kwenye mkeka, wakavua kofia, wakasimama hawajui waanzie wapi. Nyumba nzima ilinyamaza.

Mama Tusekile aliinua kichwa, akategea sikio upande wa stoo, akangoja. Alingoja dakika nzima, kisha nyingine. Halafu akamgeukia Kalunde.

"Kumbe lilikuwa linaweza kunyamaza," akasema.